Ni Jahazi Lilelile?

Fundi wa Matondoni hapangi siku ya kupandisha chombo kwa kalenda ya ukutani. Anatazama mwezi. Unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bamvua huja: maji hujaa kupita desturi na kupwa kupita desturi. Hapo ndipo chombo kizito cha mbao huweza kufikishwa mahali ambapo bahari haitakigusa hadi kazi iishe. Fundi akichelewa siku tatu nne, maji yameshaanza kuwa mafu, na jahazi litabaki nusu pwani nusu majini, likipigwa ubavuni na kila wimbi.

Kijiji hicho cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu kimejulikana kwa vizazi kwa ufumaji wa mikeka na uundaji wa vyombo. Kreni hakuna, wala reli ya chuma ya kuvutia meli. Kabla ya kupandishwa, jahazi huvuliwa karibu kila kilicho chake. Tanga hushushwa pamoja na foromali yake, mlingoti hung'olewa, nanga hutolewa, na farumi, yale mawe ya ngamani yanayolizuia lisipinduke, huhamishwa moja moja. Likishakuwa jepesi huelea juu zaidi, na maji yanapofika kikomo husukumwa hadi mchangani. Magogo hulazwa chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, kamba hufungwa omo, watu hujipanga. Wavutaji si mafundi peke yao; wamo wavuvi, wapita njia, na vijana waliosikia wimbo wakaja. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na kila kiitikio ni shubiri chache za safari ya nchi kavu. Likifika, gadi hukazwa kulia na kushoto ili lisimame wima bila maji.

Kisha linaanza kubomolewa.

Neno hilo ni kali, lakini ndiyo kazi yenyewe. Chaza walioganda hukwanguliwa. Kalafati kuukuu, pamba iliyoshindiliwa kati ya ubao na ubao, huchokolewa ikatoka imeoza. Fundi hugonga mbao kwa kisigino cha tezo na kusikiliza: ubao mzima hutoa sauti, ubao ulioliwa hunyamaza. Adui mkubwa ni kiumbe ambaye wengi humdhania mdudu kumbe ni jamaa wa chaza, mwenye gamba dogo kichwani analolitumia kutoboa mbao, akaingia na tundu la ukubwa wa sindano na kuacha ndani mapango. Ndiyo maana mafundi wa zamani walichoma makuti chini ya tumbo la chombo, moto wa kupita haraka, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Siku hizi rangi ya dukani imechukua nafasi ya deheni kwa wengi, na wazee hawaisifu.

Mbao mbovu huondoka. Mara nyingi nzima nazo huondoka, kwa sababu mbovu iko nyuma yake. Mataruma, mbavu za chombo, yakipasuka hubadilishwa kwa matawi yaliyopinda yenyewe ya mtondoo au mwembe, maana taruma zuri huanza kutafutwa mtini, likiwa bado na majani. Jahazi likishuliwa tena miezi kadhaa baadaye, huenda theluthi yake ni mpya. Litarudi pwani mara nyingine, na nyingine. Itafika siku nahodha atakapopiga ubavu wa chombo chake na kusema kwamba kiliundwa na babu yake, na katika mbao anazozipiga usiwepo hata ubao mmoja ambao babu aliushika.

Je, mtu huyo anasema kweli?

Swali hili lina umri. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi meli ya makasia 30 ya shujaa wao Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ileile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliliongezea uchungu. Vipi, aliuliza, kama mtu angeziokota zile mbao zilizotupwa, moja baada ya moja, akaziunganisha upya kwa mpangilio wake wa kwanza? Sasa meli ziko mbili. Ipi ya Theseus?

Darasani fumbo la Hobbes huonekana kama mchezo wa watu wasio na kazi. Katika Lamu na Unguja ni biashara. Mbao za majahazi yaliyozeeka hununuliwa, husafishwa, hugeuzwa meza, vitanda na fremu za vioo, na mgeni hulipa zaidi palipobaki rangi ya bahari na tundu la msumari. Huenda basi, wakati huu, mtalii amelala juu ya mbao asilia za chombo ambacho chenyewe kimo baharini kimebeba mawe ya matumbawe na mchanga. Hobbes aliwazia mtu wa kuziunganisha mbao, soko limezitawanya. Lakini hakuna anayekwenda hotelini kudai nauli kwa kitanda, wala mdai wa jahazi hakamati meza. Watu wa pwani wanajua pa kwenda kudai. Ujuzi huo, ingawa hawauiti falsafa, unastahili kuchunguzwa.

Pa kuanzia pazuri ni viapo. Kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa nguzo za fikihi ya Kishafii, na kimesomeshwa na kutumiwa na wanachuoni wa pwani hii kwa muda mrefu. Katika mlango wa viapo mna suala la mtu aliyeapa kwamba hataingia nyumba hii. Nyumba ikaanguka. Akaingia mahali pale. Amevunja kiapo? Jibu la Nawawi ni la fundi: ikiwa misingi ya kuta imebaki, amevunja, ikiwa pamekuwa uwanja mtupu, au pamejengwa msikiti, au hamamu, au pamefanywa bustani, hakuvunja. Hakuna hesabu ya mawe. Hakuulizwa mtu ni sehemu gani ya kuta iliyosalia. Kinachotazamwa ni kama kile kitu cha chini, kilichobeba vingine vyote, kingali pale, na kama mahali hapajapewa kazi nyingine.

Nyumba si chombo, na mwanafikihi makini hatakubali ulinganisho wa haraka namna hii. Hata hivyo ni vigumu kusimama mbele ya jahazi lililovuliwa mbao, limebaki mkuku na mataruma machache juu ya magogo, usimkumbuke Nawawi. Mkuku ndio wa kwanza kulazwa chombo kinapoundwa. Huchongwa katika mti mgumu, mbambakofi ukipatikana, na ndio unaoamua urefu na mwelekeo wa vyote vitakavyofuata. Fundi wa kienyeji hana mchoro wa karatasi. Ana jicho na ana mkuku. Mbao zinaweza kuondoka upande mmoja baada ya mwingine na watu wataendelea kuliita jahazi kwa jina lake, kwa kuwa mkuku bado unashikilia.

Wazo la sehemu moja ndogo inayobaki ili vyote virudi juu yake lina mwangwi hata katika hadithi za Mtume. Iko hadithi mashuhuri, imepokewa na Abu Huraira na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba ardhi hula mwili wote wa mwanadamu isipokuwa kifandugu, na kutokana na hicho ataungwa tena Siku ya Kiyama. Mtu na mkuku wake.

Tatizo ni kwamba mikuku nayo huoza. Hutokea mara chache, na mwenye chombo huugua akisikia gharama, lakini mkuku nao hubadilishwa, wote au kipande chake, jahazi likiwa limening'inia juu ya gadi na magogo kama mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Likitoka hapo bado lina jina lake. Kwa hiyo kama jawabu ni mkuku tu, limetuvunjikia mikononi.

Hapa ndipo mwanachuoni Abu Hamid al-Ghazali anapofaa zaidi kuliko Wagiriki. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, suala la ishirini na la mwisho linahusu kufufuliwa kwa miili. Wanafalsafa walimwekea mtego: mwili ukishakuwa udongo, udongo ukawa mmea, mmea ukaliwa na mtu mwingine, chembe zile zitarudi kwa nani? Ghazali hakutetea chembe. Alijibu kwamba mwili unaweza kurudishwa kwa maada ileile au kwa maada nyingine, kwani mtu ni yeye kwa nafsi yake na si kwa mwili wake. Akatoa ushahidi usiohitaji kitabu: viungo vya mtu hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni, hukonda, hunenepa, chakula huchukua nafasi ya kilichopotea, naye ni yuleyule. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu katika kitabu chake cha kumpinga kwamba kilichokwisha kutoweka hakirudi kikawa kilekile hasa; kinachokuja ni mfano wake.

Wawili hawa hawakuwa na jahazi akilini. Lakini waliyotofautiana yanakata kwa usahihi tofauti ambayo fumbo la Theseus huichanganya. Kubadilika kidogo kidogo ni jambo moja. Kutoweka kisha kurejeshwa ni jambo jingine.

Pwani ya Waswahili ina mfano wa kila upande. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, chenye tanga la mkeka na omo ambalo mapokeo yanasema linafanana na shingo ya ngamia wa Mtume, ulisafiri kati ya visiwa vya Lamu na Unguja kwa karne nyingi. Vyombo vya kushonwa vimetajwa katika pwani hii tangu Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza. Kamba za kumbi haziishi milele, kwa hiyo mtepe uliishi kwa kufunguliwa na kushonwa upya. Matengenezo kwake hayakuwa dharura, yalikuwa namna ya kuwapo. Kisha, katika karne ya 20, mitepe ikaacha kuundwa. Wenye kushona wakafa na ushonaji wao. Mwaka 2003, katika jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, mtepe uliundwa tena kwa juhudi kubwa, ukaitwa Shungwaya, na walioufanya walitegemea sana mifano midogo na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mbele yake Ibn Rushd angetikisa kichwa kwa kuridhika: huu ni mfano. Uzi ulikatika, na kilichofuata ni kingine chenye sura ileile.

Upande wa pili yuko Ali Skanda wa Lamu, fundi wa ukoo wa mafundi, ambaye mwaka 2018 pamoja na wenzake alishua Flipflopi, chombo cha takriban mita 9 kilichotengenezwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa ndara 30,000. Mapema mwaka uliofuata kilikwenda kwa tanga hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita kama 500. Hakuna ubao wa mti katika mwili wake, na mtazamaji wa Lamu anakitambua mara moja: umbo ni lake, mikono ni ileile, mbinu za kuunganisha ni zile za baba. Hapa maada imebadilika yote na uzi haukukatika. Anayeshikilia kwamba kitu ni maada yake atatatizika kueleza kwa nini mtepe wa Beit al-Ajaib, uliotengenezwa kwa mbao na kumbi, uko mbali na asili yake kuliko plastiki hii.

Ng'ambo, mjini Sur nchini Oman, bandari iliyopokea na kupeleka majahazi ya Zanzibar kila msimu wa kaskazi na kusi, iko meli ya mbao iitwayo Fatah al-Khair. Iliundwa hapo mwaka 1951, ikauzwa Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakainunua na kuirudisha nyumbani. Imetengenezwa ikang'aa, na imesimama nchi kavu watu waje kuitazama. Mbao zake nyingi ni zake, historia yake haina shaka. Ila jahazi lililopandishwa bila nia ya kushuliwa limefanana kidogo na ile nyumba ya Nawawi iliyogeuzwa bustani: misingi ipo, kazi ni nyingine. Wenyeji wa Sur hawatalipenda neno hili, na wana haki ya kukataa, maana bila wao isingekuwapo hata ya kubishania.

Basi nafsi ya chombo ni nini, ikiwa Ghazali amesema kweli na chombo hakina roho?

Jawabu lenye nguvu kuliko yote limo katika kisa ambacho Waislamu wengi wa pwani hukisoma kila Ijumaa. Katika Surat al-Kahf, Nabii Musa anapanda jahazi pamoja na yule mja mwema ambaye wafasiri wanamwita Khidri, naye Khidri analitoboa. Musa anapaza sauti kwa hasira. Baadaye anaelezwa kwamba jahazi lilikuwa la masikini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Wafasiri wanaeleza kwamba alichofanya ni kung'oa ubao, na kwamba wenyewe walilitengeneza baadaye wakaendelea na riziki yao. Kisa chote kinasimama juu ya jambo ambalo halikusemwa kwa kuwa ni dhahiri mno: jahazi lililoharibiwa na kutengenezwa ni lilelile, na ni la walewale. Kama kubadili ubao kungezalisha chombo kingine, Khidri asingekuwa ameokoa kitu cha mtu yeyote. Kilichookolewa ni haki ya masikini juu ya chombo chao na tegemeo lao kwacho. Ubao ulikuwa gharama ndogo ya kulinda hilo.

Nahodha anaposema chombo hiki kiliundwa na babu yangu, anadai jambo la namna hiyo. Anasema kuna deni, kuna ahadi, kuna jina, kuna kazi, na kwamba kila ubao uliotoka ulitoka mikononi mwa mtu aliyejibika kwa chombo kizima na ukapokewa na mwingine aliyejibika vilevile, bila siku hata moja ya kukitelekeza. Gadi zilishikilia mwili. Watu walishikilia yaliyobaki. Kwa kipimo hicho hasemi uongo. Na kwa kipimo hichohicho jahazi lililoachwa mikokoni miaka ishirini, mbao zake zote zikiwa za asili, limeshaanza kuwa kitu kingine, hata kabla ya kuoza.

Wanachuoni wa Kiash'ari, ambao itikadi yao ndiyo iliyofundishwa zaidi pwani, wangeongeza kwamba hata chombo kisichoguswa hakidumu kwa nguvu zake. Kwao sifa za vitu hazibaki nyakati mbili mfululizo. Mwenyezi Mungu huziumba upya kila pumzi. Ukilichukua fundisho hilo kwa uzito, ufuko wa matengenezo hauna la ajabu: unaonyesha polepole, kwa tezo na kelele, jambo linalofanyika kwa kila kitu kila wakati. Ndiyo sababu, labda, siku ya kushua hakosi mtu wa kuomba dua, na mahali pengi hupikwa chakula cha sadaka. Wapo masheikh wanaokemea ubani na damu ya mbuzi inayopakwa omo katika baadhi ya vijiji, na mabishano hayo hayaishi, lakini dua yenyewe hakuna anayeikataa. Chombo kilichotengenezwa vizuri bado hakijaahidiwa kesho.

Kilichoko hatarini sasa ni ule uzi. Boti za faiba huhitaji matunzo machache, na mvuvi mwenye watoto wa shule hawezi kulaumiwa kwa kuzichagua. Mbao ngumu zimekuwa adimu na ghali. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakataji mikoko wa Lamu wakaguswa pia. Sababu za kulinda misitu ni za kweli. Mbambakofi hukua polepole mno, na anayeukata leo anatumia mti ambao hakuupanda yeye wala baba yake. Kijana aliyeshika tezo miaka mitatu bila kuona kazi ya kutosha huondoka kwenda kuendesha bodaboda, na anapoondoka hakuna kitabu kinachobaki nyuma yake, kwa sababu elimu hii iko machoni na mikononi.

Lamu huwa na mashindano ya vyombo vya tanga katika tamasha lake la utamaduni, na washindi hutuzwa na kupigiwa makofi. Waandaaji, na wale wa mashindano mengine kutoka Lamu hadi Unguja, watenge sehemu ya fedha za tuzo kwa ajili ya vijana wawili watatu watakaolipwa kukaa na fundi mzee kutoka siku jahazi linapovutwa pwani hadi siku linaposhuliwa. Na kaunti zioteshe mbambakofi na mtondoo karibu na vijiji vinavyounda vyombo, kwa jina la kazi hiyo, wakati waliopo bado wanajua ni tawi gani lililopinda linalofaa kuwa taruma.